UZI: Kidonge cha moyo, na swali tusilouliza mijadalani

1/ Msimu wa siasa ukifika twagombania hospitali: nani kajenga wodi, nani kaleta mashine. Simtaji mtu wala chama. Leo tuongee kidonge.

2/ Ami yangu yuko hapa Kisauni, Bakarani. Moyo wake hausukumi damu vizuri. Miguu ilivimba, akawa halali mpaka aegemee mito mitatu. Alilazwa, akatoka vizuri. Kisha dawa zikakosekana hospitali, akaambiwa "nunua nje". Pesa ilikuwa ishaenda karo. Wiki ya tatu tukamrudisha wodini.

3/ "Si alishapona?" La. Dawa hizi huupunguzia moyo mzigo, hazimalizi ugonjwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2019 ulichukua wagonjwa ambao moyo wao uliwahi kutanuka, ukarudi sawa kwa dawa. Walioachishwa dawa, 44% walirudiwa ndani ya miezi 6.

4/ Na si dawa za ajabu. Enalaprili ilionyesha 1987 kuwa inapunguza vifo kwa wenye moyo uliochoka sana. Spironolaktoni, 1999, ikapunguza hatari ya kufa kwa 30%. Zote ni za zamani, na ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO.

5/ Sasa siasa. Tangu Oktoba 2024 NHIF imetoka, SHA imeingia, na mifuko 3: wa afya ya msingi, wa bima, ambao mwenye mshahara huukatwa 2.75%, na wa dharura na magonjwa sugu, unaoingia ule wa bima ukikuishia. Tena tangu 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti. Kwa hivyo ukiuliza dawa, Nairobi yakuelekeza kaunti, kaunti yakuelekeza Nairobi.

6/ Basi mgombea akija mtaani muulize hivi: "Mgonjwa wa moyo wa Kisauni dawa zikimwishia tarehe 30, tarehe 1 atazipata wapi, na nani analipa?" Akikujibu kwa picha ya jengo, hajakujibu. Kidonge kikikosekana, kitanda ndicho kinachofuata, na kitanda ni ghali zaidi kwetu sote.

7/ Kama una mgonjwa nyumbani: asiache dawa kwa kuwa kapata nafuu. Mwambieni daktari ukweli wa mfuko wenu mapema. Mara nyingine kuna ya bei nafuu. Sisi tuliona haya kusema. Tulikosea.