Mgeni wa Miguu Minane



Kijana wa Nkome, kando ya Ziwa Victoria, aonapo shimo dogo lililotandwa nyuzi mlangoni, hutamani kujua ni nani akaaye humo. Huenda akawa buibui mkubwa mwenye manyoya. Huyu hafumi utando ukutani kama wa nyumbani; huchimba shimo lake, na usiku huketi mlangoni kungojea wadudu. Mmoja wa jamaa yake, mwenye rangi ya chungwa, hufugwa Ulaya na Marekani, na wafugaji humwita kwa jina la milima yetu ya Usambara. Mtaalamu wa Kiingereza, R. I. Pocock, alimwandika mwaka 1897.

Je, yafaa kumchimbua na kumtia sandukuni? Imepokewa na Abu Daud kwamba Masahaba walipokuwa safarini walitwaa makinda wawili wa ndege, na mama yao akaja akipigapiga mabawa. Mtume Muhammad (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha, akaamuru arudishiwe watoto wake. Basi twamwambia kijana wa Nkome: mtazame usiku kwa taa, ujifunze, kisha umwache. Nyumba aliyojichimbia yamfaa kuliko utakayomjengea wewe.

Lakini wako jamaa zetu wakaao ng'ambo, ambao watoto wao humpata dukani, naye amezaliwa mikononi mwa wafugaji na hana shimo la kurudia. Huyo ni amana, na hawana budi kumtunza vyema.

Mgeni huyu asifanyiwe mapokezi ya kelele. Makao yake yatayarishwe kabla hajafika: sanduku lenye matundu ya hewa na kifuniko kigumu, udongo wa kina cha kutosha kuchimba, gome la mti la kujifichia, na kisahani kifupi cha maji safi. Lisiwekwe juani. Akisha kuingia, aachwe. Akijificha siku nyingi, si ugonjwa. Akianza kutanda nyuzi, ni dalili kwamba ameanza kuwa mwenyeji.

Chakula kingoje siku chache, hata juma zima. Kisha apewe nyenje mmoja, asiyezidi tumbo lake kwa ukubwa. Asipomla, nyenje aondolewe kesho yake, kwani mdudu mzima aweza kumwumiza buibui anayejivua ngozi. Katika kujivua huko hulala chali, hata mtoto akadhani amekufa. Asiguswe kabisa! Mwili wake mpya ni laini mno.

Wala asichukuliwe mkononi. Akianguka hata kutoka kimo kidogo, tumbo lake laweza kupasuka. Na yule wa Usambara huuma kwa sumu yenye maumivu makali na kukaza misuli. Basi wazazi wafunge kifuniko wao wenyewe, na watoto watazame kwa macho tu.

Tena baba afikiri kabla ya kutoa fedha. Jike la buibui hawa aweza kuishi miaka kumi na zaidi. Mtoto aliyemwomba akiwa darasani huenda akaondoka nyumbani kwenda kazini, na buibui angali hai. Ni nani atakayemjazia maji?

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia hata akafa, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Dhambi yake ilikuwa kufunga mlango, kisha kusahau. Buibui hawezi kulia kama paka. Akishikwa na kiu, nyumba nzima yaweza kulala pasipo kusikia neno. Kwa hiyo amtunzaye kiumbe asiye na sauti apaswa kukumbuka zaidi, maana hakuna wa kumkumbusha ila Mola wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake vyote, vikubwa na vidogo. Amin.