Kila Chombo na Dawa Yake

Kiangazi kinapoingia mwezi Desemba, vumbi jekundu la Dadamu, kandokando ya Arua, halibishi hodi. Hutua juu ya meza, sare, vyombo na hata maji ya kunywa, katika nyumba ya askari na ya mkulima sawasawa. Wengi hushika sabuni na jivu wakavisugua vyote kwa namna moja. Hapo ndipo vitu huharibika, na pengine ndipo hatari huanzia.

SUFURIA: Magadi na jivu huila alumini na kuitia weusi. Chemsha ndani yake maji yenye ndimu kwa dakika 10, kisha sugua kwa kitambaa. Ukoko wa ugali wa muhogo uloweke kwanza katika maji baridi; usiukwangue kwa kisu.

SHABA NA SARE: Bizimu la mkanda na vifungo vya shaba husuguliwa kwa ndimu na chumvi kidogo, vikasuuzwa na kukaushwa papo hapo. Doa la damu hufuliwa kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto hulikaza.

MEZA NA KIOO: Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, maana likisuguliwa kavu hukwaruza. Kioo kikaushe kwa gazeti kuukuu. Hata hili litafaa, likishasomwa.

JERIKENI: Utelezi ulio ndani ya jerikeni ni makao ya vijidudu. Tia vijiwe safi, sabuni na maji kiasi cha robo, tikisa kwa nguvu, kisha suuza hadi povu liishe. Lakini yako majerikeni ambayo hayatakasiki. Katika miaka ya 1980 na 1990 vijana wa Arua walioitwa OPEC Boys waliuza petroli ya magendo kwa majerikeni barabarani. Plastiki hunywa petroli, na sabuni haiwezi kuitoa yote. Jerikeni lililotiwa petroli au dawa ya wadudu lisitiwe kamwe maji ya kunywa, hata kama halinuki tena.

DAWA YA KLORINI: Dawa hii ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki, isichanganywe na siki, ndimu wala dawa kali ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu iumizayo mapafu. Wala isihifadhiwe katika chupa ya soda, kwa sababu mtoto mwenye kiu huitambua chupa, hasomi kilichomo.

Basi, wazazi, jioni ya leo pangeni majerikeni yote ya nyumbani. Ya maji yatieni alama ambayo hata mtoto ataijua, na yawekwe mbali na ya mafuta. Ambalo hamjui lilitiwa nini kabla ya kununuliwa, lisitiwe maji ya kunywa.