Uvimbe Usiouma: Juu ya Kansere ya Titi kwa Wamama Wazee

Huku kwetu Kilwa, kando ya maji ya Moero, mtu anakwenda kwenye kituo cha afya wakati anapoumwa. Asipoumwa, anakwenda shambani, ama sokoni kuuza samaki. Desturi hiyo inaweza kupita kwa magonjwa mengine. Kwa kansere ya titi inaua, kwani uvimbe wa kansere katika mwanzo wake mara nyingi hauumi hata kidogo. Nkambo anaugusa wakati wa kuoga, anauona mgumu kama jiwe dogo, anafunga kitambaa chake na ananyamaza. (Tunasema titi, ijapo wazee wanasema ziwa, maana hapa kwetu neno ziwa linawapeleka watu kwanza kwenye samaki.)

Wengi wanafikiri kwamba ugonjwa huu ni wa wamama wanaonyonyesha bado. Tunaelewa mawazo hayo yametoka wapi. Katika nchi zetu vijana ni wengi na wazee ni wachache, kwa hiyo hata katika lopitali wagonjwa wengi wa kansere hii si wazee sana. Lakini tuhesabu kwa namna nyingine. Tutwae wamama elfu wa miaka 30, na wamama elfu wa miaka 65: ni katika kundi la pili tutakapokuta kansere zaidi. Mwili unatengeneza chembe mpya siku zote, na mara kwa mara kosa linaingia katika kazi hiyo. Makosa yanajilundika pamoja na miaka. Tena kwa mama kijana uvimbe mara nyingi ni jambo la maziwa ama la tezi tu, pasipo hatari. Kwa mama asiyeona tena mwezi, uvimbe mpya sherti upimwe mpaka ujulikane ni nini.

Ramazzini, munganga wa Italia, aliandika miaka 300 na zaidi iliyopita kwamba kansere ya titi inaonekana mara nyingi kwa masista wa monasteri kuliko kwa wanawake wengine. Leo sababu yake inajulikana: kuzaa na kunyonyesha kunapunguza hatari. Kunaipunguza tu, hakuiondoi. Basi mama wa watoto tisa asiseme amelindwa. Na masista wetu wazee, wanaotunza wagonjwa siku zote, wasijisahau wenyewe.

Uvimbe si alama pekee. Pengine ngozi ya titi inakuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Pengine chuchu inavutwa ndani, ama inatoa damu, ama inapata kidonda kisichopona. Pengine kuna tezi ngumu katika kwapa. Titi moja likibadilika namna hii, na lingine likibaki kama zamani, mama asingoje mwezi wa pili.

Mtu atauliza: na ile mashini ya kupiga foto ya matiti, mamografi? Ni mashini nzuri, na kwa wamama wazee inaona vizuri kuliko kwa vijana, kwa kuwa titi la mzee lina mafuta zaidi na foto yake ni wazi. Katika nchi zenye nguvu wamama wa miaka 50 mpaka 69 wanaitwa kupita mbele yake kila miaka miwili. Lakini OMS, katika maagizo yake ya mwaka 2014, haikushauri nchi zenye huduma dhaifu kuanzia hapo. Tunaona ina haki. Mashini inaonyesha kivuli. Akikosekana mtu wa kutoa kipande cha nyama na kukiangalia kwa darubini, kivuli kinabaki kivuli.

Vidole vya mtu aliyefundishwa vinaweza kazi kubwa kuliko tunavyofikiri. Mumbai, katika Uhindi, jaribio lilianza mwaka 1998 juu ya wamama zaidi ya 150,000 wa miaka 35 mpaka 64. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono kila miaka miwili, na waliowapima hawakuwa waganga, walikuwa wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021, kisha miaka 20. Kwa wamama waliokuwa chini ya miaka 50, vifo havikupungua. Kwa wale wa miaka 50 na zaidi, vilipungua karibu 30 kwa mia. Ndiyo kusema faida ilikwenda kwa wazee, wale wale ambao huku kwetu hakuna anayewauliza neno juu ya matiti yao.

Jirani yetu Rwanda ametufundisha jambo lingine. Kwenye lopitali ya kansere ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2012, wagonjwa 144 waliulizwa juu ya safari yao. Nusu yao walikuwa wamepitisha miezi 15 ama zaidi tangu alama ya kwanza mpaka ugonjwa kujulikana. Kosa halikuwa la wamama peke yao, wala la wafumu waliowaendea kwanza. Wengine walifika kwenye kituo cha afya mara nyingi, na hawakutumwa mbele. OMS sasa inataka zisipite siku 60 tangu mgonjwa kufika mpaka ugonjwa wake kupata jina.

Nkambo anaona haya kumvulia nguo muuguzi kijana, ambaye pengine ni mjukuu wa dada yake. Haya hiyo si ujinga, tuiheshimu. Basi mkunga wa kituo afundishwe kupima. Wamama wazee wanamzoea upesi. Kazi ya padri ni kusema neno lenyewe wazi mbele ya watu, kwani kisichotajwa kanisani kinapelekwa kwa mufumu usiku, na mara nyingine mzee mwingine anaitwa mlozi kwa ajili yake.

Kuna habari njema wasiyoijua wengi. Kansere za wamama wazee mara nyingi ni za namna inayolishwa na homoni; kwa hizo, kisha kupasuliwa, kuna kidonge cha tamoksifeni, kinachomezwa kila siku kwa miaka 5 ama zaidi, na bei yake si kubwa kama ya dawa nyingine za kansere.

Kutoka Kilwa mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 350, na njia ya wakati wa mvua tunaijua sisi sote. Shirika la mtaa lianze kukusanya faranga siku muuguzi anapoandika barua ya kumtuma mama, lisingoje kidonda kufunguka. Na mtu anayesoma Kifaransa amsindikize, abaki mpaka karatasi ya matokeo iwe mkononi.