Mutoto iko Marekani: ataomba uraia siku gani?

Kutoka Kolwezi mupaka Likasi, jamaa nyingi za wachimbaji ziko na mutoto, ndugu ao shemeji kule Marekani. Mumoja alipita kwa loteri ya viza, mwingine alipokelewa kama mukimbizi. Na sisi huku tunauliza: "Miaka inapita, mbona hajapata uraia?" Jibu iko kwenye karte yake ya mukaaji. Lakini sehemu moja iko mikononi mwetu.

Sheria ya kule inataka mutu wa miaka 18 na zaidi awe amekaa miaka 5 kama mukaaji wa kudumu. Hesabu haianzi siku karte ilifika kwa posta. Inaanza na tarehe iliyoandikwa kwenye karte yenyewe, pale panaonyeshwa amekuwa mukaaji tangu siku gani. Mukimbizi aliyepokelewa akiwa bado inje ana bahati: hata kama karte ilichelewa, tarehe ile inarudishwa mupaka siku aliyoingia. Mwenye kuoana na raia, na wanaishi pamoja, anangoja miaka 3, kama mwenzake naye amekuwa raia muda ule wote.

Dosye inaweza kuingia siku 90 mbele ya miaka kutimia. Tufanye mufano: karte inaonyesha 10 Machi 2021. Miaka 5 inatimia 10 Machi 2026. Dosye inaweza kuingia tangu 10 Desemba 2025. Akituma mbele ya siku ile, wataikataa.

Tena miaka peke yake haitoshi. Ndani ya miaka ile 5, lazima awe amekaa Marekani kabisa miezi 30 kwa jumla. Na safari ndefu ndiyo inaangusha wengi. Akipita miezi 6 inje kwa safari moja, wanamuhesabu kama amekata makao. Ni yeye atatoa ushuhuda wa kazi, nyumba na kodi kuonyesha hakuyakata. Akimaliza mwaka muzima inje, hesabu imevunjika, ataanza tena.

Hapa ndipo sisi tunahusika. Tukimwita kwa matanga, aje, azike, alie pamoja na sisi. Lakini tusimushike miezi 7 ao 8 juu ya kugawa mali ya marehemu. Kuwa na karte mukononi hakulindi hesabu yake.

Faida ya kungoja ni kubwa. Raia mwenye miaka 21 anaweza kuombea baba na mama yake. Mwenye karte peke hawezi. Na watoto wake walio chini ya miaka 18, wenye karte na wanaoishi naye kule, wanakuwa raia pamoja naye.

Lakini kuna bei. Sheria yetu ya 12 Novemba 2004 inasema nasyonalite ya Kongo ni moja, haichangwi na ingine. Siku anaapa kule, anapoteza ya huku. Jambo hilo jamaa ilizungumze mapema, zaidi kama kuna kiwanja ao nyumba kwa jina lake.

Kwa hiyo akipiga simu siku ya Mungu, tusimuulize tu "uraia utatoka lini?" Tumuombe asome tarehe ya karte, halafu ahesabu siku zote alizokuwa inje, safari kwa safari. Hesabu ile ndiyo itajibu.