Meno Machache, Tundu Safi

Ukitaka kuupima ubora wa kabati au meza, tazama pale skrubu zilipozama. Kichwa kikiwa kimechomoza, au kimezungukwa na kovu lenye pembepembe, fundi huambiwa mkono wake hautulii, au mbao husingiziwa ubishi. Mara nyingi kosa ni la biti, ile ya umbo la koni inayochimba kitako ili kichwa kilale sawa na uso wa ubao. Wanunuzi wengi huzichagua biti hizi kwa wingi wa meno, wakiamini yenye matano au sita inakata kuliko yenye moja. Kwa anayetoboa kwa drili ya kushika mkononi, na ndivyo wanavyotoboa maseremala wengi, imani hiyo inapotosha.

Jino halikati mpaka lizame kidogo kwenye mbao. Likikosa mgandamizo, linasugua tu. Sasa nguvu ya mkono ikigawanywa kwa meno sita, kila moja linapata chembe, na biti inaanza kurukaruka. Jino la nyuma linatumbukia kwenye alama ya lililotangulia, alama inachimbika zaidi kila mzunguko, na shimo lililotakiwa kuwa duara linatoka na pembe. Ndiyo maana biti nyingi za aina hii hupewa meno ya idadi witiri, matatu au matano: meno yasipokabiliana, mtetemo hupungua. Kupunguza kasi ya drili pia husaidia. Na kwenye mashine ya kusimama, ambako biti na ubao vimebanwa visitikisike, meno mengi hayana tatizo lolote.

Mkononi, bora ni biti ya jino moja, au ile koni laini isiyo na jino hata moja, iliyotobolewa tundu la mshazari kutoka ubavu hadi ubavu. Ukingo wa tundu hilo ndio unaokata, maranda yanatokea humohumo, na sehemu laini ya koni inaegemea ukuta wa shimo na kuizuia biti isiyumbe. Ina kasoro zake, tena si ndogo: haiwezi kujianzishia njia, kwa hiyo lazima ikute tundu la skrubu limeshatobolewa, utomvu wa paini huiziba, na kuinoa kunataka ustadi. Mwenye haraka ataichukia. Lakini shimo lake hutoka duara, kuta zake nyororo.

Pembe ya koni nayo ina neno. Skrubu za vipimo vya milimita zina kichwa cha nyuzi 90. Za Kimarekani, zinazopimwa kwa inchi, nyuzi 82. Biti ya 82 ikichimbia kichwa cha 90, kichwa kinakamatwa na mdomo wa shimo kabla hakijafika chini, na kitako kinabaki na uwazi. Huhitaji kipimo maalumu kuitambua: iweke ncha ya biti kwenye kona ya ndani ya skwea, uinue kuelekea mwangaza. Mwanga ukipenya ubavuni, hiyo si ya 90. Wapo watakaosema tofauti hiyo ni ndogo na mbao itajibonyeza yenyewe. Kwenye paini ni kweli, wala sioni haja ya kubishana. Mninga na mvule havibonyei kirahisi hivyo. Ukilazimisha, hasa karibu na mwisho wa ubao, ni kupasua tu.

Hoja nzito zaidi ni ya uchumi: kwa nini ununue biti nyingine wakati biti ya kawaida ya milimita 8 au 10 inaweza kupanua mdomo wa tundu? Inaweza, ila ncha yake kwa kawaida ina nyuzi 118 au 135. Skrubu ya milimita 4 ina kichwa cha takribani milimita 8. Kichwa hicho cha nyuzi 90 kikiingia kwenye kitako cha 118, kinagusa chini tu, kwenye mviringo mwembamba kandokando ya shingo, huku juu kikiachwa na nafasi pande zote. Mzigo wote unabebwa na mstari huo mmoja, kama kabari. Isitoshe, biti hiyo hupenda kujivuta ndani ghafla, na kina kinapotea. Akiba yenyewe italipiwa kwa puti.

Biti za pamoja, zinazotoboa na kuchimba kitako kwa mkupuo mmoja, zinawafaa wenye matundu mengi ya kina kimoja. Faida yake kubwa ni kwamba tundu na kitako vinakaa katikati pamoja. Kero ni maranda kujikusanya pale biti ndogo inapoingia kwenye koni, hadi mbao inaungua. Itoe mara kwa mara uisafishe. Chagua yenye biti iliyonyooka, kwa kuwa skrubu nyingi za siku hizi zina shina lililonyooka. Ile inayochongoka kuelekea nchani ilifuata umbo la skrubu za zamani.

Kuhusu chuma, tafuta herufi HSS zilizochongwa shinani. Mvule huficha vijiwe vya chokaa na msaji una chembe za silika, na vyote viwili hula makali ya chuma hafifu upesi. Kwa anayekata mbao hizo kila siku, au MDF yenye gundi nyingi, ncha za kabaidi zinastahili bei yake. Anayegonga kabati moja kwa mwezi hazihitaji.