Ndege wa ufuko wa Kalemie, mwezi kwa mwezi

Ukitaja pwani hapa Kongo, wengi hufikiri Moanda, kule mto Kongo unakoingia baharini. Lakini kwa sisi tunaosema Kiswahili, mwambao wetu uko mashariki: ni ufuko wa ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinapita mita 1,400. Pale Kalemie mtu anaweza kutembea kandokando ya maji, kutoka mchanga wa mjini hadi mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Njia hiyo yafaa sana kwa kutazama ndege. Haitaki kiongozi wala tiketi. Yataka macho, daftari, na kujua tuko mwezi gani.

Vitabu vingi vya ndege vimeandikwa na Wazungu, na mwaka wao hugawanywa na baridi na joto. Kwetu mwaka hugawanywa na mvua. Ufukweni kuna jambo la pili ambalo wapita njia hawalitii maanani, nalo ni kimo cha maji. Mvua huanza karibu na mwezi wa kumi na kwisha mwezi wa tano. Ziwa ni kubwa mno, halijai siku ile mvua inaponyesha. Hupanda polepole, likafika juu kabisa mwezi wa nne au wa tano, wakati mawingu yanapokaribia kutuaga. Kisha kiangazi chote jua na upepo huyapunguza maji, Lukuga nayo hubeba sehemu yake, hata ikifika mwezi wa kumi na wa kumi na moja ziwa liko chini kuliko wakati mwingine wowote. Tofauti kwa kawaida haifiki mita moja. Lakini mahali ufuko ulipo tambarare, maji yakishuka sentimita chache tu hufunua hatua nyingi za matope na mchanga mbichi, na humo vijidudu hujaa.

Sasa tazama wageni wanavyofika. Kitwitwi wa kwanza kutoka kaskazini huonekana mwezi wa nane. Ni ndege mdogo, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na mkia usiotulia: hata akisimama, sehemu ya nyuma ya mwili hupanda na kushuka bila kukoma. Miezi michache kabla alikuwa akilea makinda kando ya mito ya Ulaya au Urusi. Hapa hatagi, amekuja kula. Na anafika wakati maji yanazidi kushuka, meza ikizidi kupanuka kila wiki. Ataondoka mwezi wa tatu au wa nne, maji yanaporudi kuifunika. Hakuna aliyepanga hivyo, kwa kuwa ndege wenyewe husukumwa na baridi ya kwao, ila kalenda hizi mbili zimeangukiana vizuri.

Mbayuwayu hufuata, kuanzia mwezi wa tisa. Jioni huruka chini chini juu ya maji wakikamata wadudu. Wamewahi kupatikana Afrika ya kati wakiwa na pete ndogo za chuma mguuni, walizovikwa Ulaya. Kwa njia hiyo wataalamu wamejua safari yao.

Anayestahili kuangaliwa kwa subira zaidi ni buabua mwenye mabawa meupe. Akifika, karibu na mwezi wa tisa au wa kumi, ni ndege wa kijivu na weupe, ana doa jeusi nyuma ya jicho. Huzunguka juu ya maji na kushuka kudonoa, bila kupiga mbizi. Mwezi wa tatu huanza kugeuka: madoa meusi hutokea kifuani na tumboni, kama nguo iliyonyunyiziwa wino. Kufika mwezi wa nne wengine wamekuwa weusi mwili mzima, mabawa yamebaki meupe. Asiyewafuata tangu mwanzo ataapa kwamba ni ndege wawili tofauti.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa lugha tuna kazi yetu. Majina kama buabua, shakwe na mnandi tuliyapata katika kamusi, na kamusi hizo ziliyapata zaidi kwa watu wa pwani ya bahari ya Hindi. Mvuvi wa Kalemie huenda ana jina lake kwa Kitabwa, Kiholoholo au Kibembe. Huenda pia akakujibu tu "ni ndege ya mayi". James Chapin aliandika juzuu nne kubwa juu ya ndege wa Kongo, zilizotoka kati ya 1932 na 1954, lakini kwa Kiingereza. Kwa hiyo anayekusanya majina ufukweni asiandike neno peke yake. Aandike na mwezi, na rangi aliyoonyesha kwa kidole. Baba mzee akikupa jina moja mwezi wa kumi na jina jingine mwezi wa nne, usiseme amekosea kabla hujajua kama mlikuwa mnamtazama buabua yuleyule.

Kiangazi, wageni wakiwa wamekwenda, wenyeji hubaki na nafasi yao. Mdiria mweusi na mweupe husimama hewani akipiga mabawa, kisha hujitupa majini kama jiwe. Kwazi hulia mitini, kichwa cheupe kikionekana kutoka mbali. Mnandi hukausha mabawa juu ya nguzo. Hawa wapo mwaka mzima, ila wakati huu upepo wa kusini-mashariki huleta mawimbi, basi watafute penye kinga, hasa karibu na Lukuga.

Neno moja juu ya saa. Vitabu husema nenda asubuhi. Kalemie iko upande wa magharibi wa ziwa. Jua linachomoza juu ya maji na kukupiga usoni, na kila ndege anakuwa kivuli cheusi. Fika kabla halijachomoza, au ngoja saa kumi alasiri, jua likiwa mgongoni.

Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda kupita kawaida mara kadhaa, maji yakaingia nyumbani mwa watu Kalemie na Uvira. Msiba wa watu ndio wa kutajwa kwanza. Lakini ufuko tambarare ni uleule: penye kibanda, penye bustani ya mboga, na penye matope ya kitwitwi. Maji yasiposhuka vya kutosha mwezi wa kumi, meza haipanuki. Buabua hapati shida kubwa, yeye hula juu ya maji yenyewe. Kitwitwi mtafute kwenye kuta za mawe na juu ya mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu, na umhesabu hapohapo, ukiandika tarehe na mahali maji yalipofika.