Vumbi la Nyasi Kavu na Mapafu ya Mkulima

Kubeba marobota ya nyasi kavu, yaani hei, huyachosha mapafu sawa na mgongo. Mtu aliyetulia huvuta takriban lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Anapopakia tela juani, anaweza kuvuta zaidi ya lita 40. Akianza kuhema kwa mdomo, hewa haichujwi tena na pua, na vumbi huingia ndani zaidi.

Vumbi baya kuliko yote hutoka kwenye nyasi zilizofungwa kabla ya kukauka vizuri. Unyevu ukizidi asilimia 20, vijidudu huanza kuzila nyasi na robota hupata joto. Bakteria aina ya Saccharopolyspora rectivirgula hustawi katika nyuzijoto 50 hadi 60 za Selsiasi na kutoa spora zenye upana wa takriban mikromita 1. Robota hilo likifunguliwa, spora hupeperuka, na kwa udogo wake hufika hadi kwenye vijifuko vya hewa vya mapafu.

Mwaka 1932 daktari Mwingereza J. M. Campbell alieleza ugonjwa wa watu waliofanya kazi na hei yenye ukungu. Ugonjwa huo hujulikana kama pafu la mkulima. Hauambukizi: ni kinga ya mwili inayopambana na spora na kuvimbisha mapafu. Saa 4 hadi 8 baada ya kazi huja homa, baridi, kikohozi kikavu na kubanwa pumzi. Kwa kuwa dalili huanza jioni na hupungua baada ya siku chache, ni rahisi kudhani ni malaria au nimonia. Mtu akilirudia vumbi mara kwa mara, mapafu yanaweza kupata makovu yasiyofutika na pumzi ikapungua kwa kudumu.

Kinga huanza shambani. Nyasi zikaushwe hadi unyevu ufikie karibu asilimia 15 ndipo zifungwe, kisha marobota yapangwe juu ya mbao, chini ya paa, penye nafasi ya kupitisha hewa. Ghala lifunguliwe milango kabla ya kazi, na robota lenye ukungu litolewe nje, mbebaji akiupa upepo mgongo. Leso haizuii spora. Barakoa ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe za mikromita 0.3, mradi ishike uso pande zote. Ndevu huacha mwanya.

Anayepata homa kila baada ya kubeba hei amweleze daktari kazi anayofanya. Dawa za steroidi zaweza kupunguza uvimbe, lakini tiba kuu ni kuliepuka vumbi lenyewe mapema, kabla makovu hayajaanza.